Kaa wa Kombe Kwenye Kioo: Joto la Tanga Linatosha, Kazi Ipo Kwenye Unyevu

Maelekezo mengi ya kufuga kaa wa kombe yameandikwa na watu wanaoishi kwenye baridi. Kwao cha kwanza ni mkeka wa umeme wa kupasha joto, cha pili taa, cha tatu mkeka mwingine. Mtu wa Ngamiani au Chumbageni, hapa Tanga mjini, akiyafuata neno kwa neno, kaa wake wataiva. Sebule ya Tanga mwezi wa Februari inafika nyuzi 30 na zaidi hujachomeka chochote kwenye soketi, na hewa inayoingia dirishani ina unyevu ambao mfugaji wa Ulaya anaulipia bili ya umeme. Kinachoua kaa huku ni mengine: tangi kuwekwa linapopigwa na jua la asubuhi, kiyoyozi, feni ya dari inayozunguka usiku kucha juu ya tangi lisilo na mfuniko, na mikono yetu wenyewe inayonyunyiza maji kila tukipita.

Tunayemzungumzia ni kaa wa nchi kavu, yule anayejibanza ndani ya kombe tupu la konokono wa baharini na kuhamia kubwa zaidi akikua. Pwani yetu wapo Coenobita rugosus na Coenobita cavipes. Huonekana juu ya mstari wa maji kujaa, chini ya majani makavu na takataka zilizotupwa na bahari, na hutembea zaidi usiku. Usimchanganye na ndugu yake wa kwenye vidimbwi vya miamba wakati wa maji kupwa. Yule ni wa majini, na ukimtia kwenye tangi la mchanga hamalizi wiki. Mahali ulipomkuta ndipo panapoamua. Na mipaka nayo iheshimiwe: kwenye pwani ya Tanga kuna Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, iliyotangazwa mwaka 2009. Humo hachukuliwi kaa wala kombe, na hata nje ya hapo muulize kwanza ofisa uvuvi wa halmashauri.

Kaa huyu anapumua kwa matamvua, ila matamvua yake yamezoea hewa badala ya maji. Sharti lake ni moja: yasikauke. Ndiyo maana kila mara anabeba maji kidogo ndani ya kombe lake. Hewa ikishuka chini ya asilimia 70 na kubaki huko, hafi papo hapo. Anapungua. Leo hatembei, kesho hali, wiki ijayo ananing'inia nusu nje ya kombe, na mwenyewe unadhani ni ugonjwa. Lengo letu ni unyevu wa asilimia 75 hadi 85 na joto la nyuzi 24 hadi 29.

Ukitaka kufika hapo, anza na kipimo cha unyevu kabla ya mchanga, na usikiamini kipimo chochote mpaka ukijaribu kwa chumvi. Chumvi ya mezani ikilowa bila kuyeyuka yote, hewa iliyofungiwa pamoja nayo hutulia kwenye asilimia 75, iwe nyuzi 20 au 30. Chukua kizibo cha chupa ya soda, kijaze chumvi, dondoshea maji mpaka iwe kama uji mzito ambao chembe zake bado zinaonekana. Kiweke kizibo hicho na kipimo chako ndani ya kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana, visigusane, acha mpaka kesho saa kama hiyo. Kikisoma 75, una bahati. Kikisoma 68, bandika kipande cha utepe mgongoni mwake uandike “ongeza 7”, na kila usomapo, jumlisha. Vile vya mshale ndivyo vinavyodanganya zaidi, na huzidi kudanganya kadiri miezi inavyopita, kwa hiyo rudia jaribio hili kila baada ya miezi mitatu. Ndani ya tangi kipimo kikae katikati ya kioo, kama sentimita 5 juu ya mchanga. Ukikiweka juu ya bakuli la maji utasoma unyevu wa bakuli, na hilo unalijua tayari.

Kuna jambo linalowachanganya wengi, na lisipoeleweka mengine yote yatakwenda upogo. Asilimia unayoisoma ni ya kulinganisha: maji yaliyomo hewani dhidi ya maji ambayo hewa ile ingeweza kubeba kwa joto lile. Hewa ya nyuzi 22 yenye asilimia 80, ukiipasha mpaka 28 bila kuongeza tone, kipimo kinashuka hadi karibu 56. Maji hayajaenda popote. Chombo ndicho kimepanuka. Kwa sababu hiyo kila kifaa cha joto ni kifaa cha kukausha. Na kinyume chake ni kweli: hewa ya nyuzi 29 yenye asilimia 80 ikigusa kioo cha nyuzi 25, inaanza kutoa jasho. Ukiona kioo kinatiririka maji usiseme “unyevu umezidi” kabla hujagusa kioo chenyewe. Pengine hewa ya ndani iko sawa kabisa, kioo tu ndicho kimepoa.

Tangi si lazima liwe la dukani. Fundi vioo akikukatia la sentimita 60 kwa 30, kimo 40, kwa kioo cha milimita 5, umepata lita 72, za kutosha kaa watatu au wanne wa wastani. Silikoni iwe ile inayonuka siki, isiwe ya bafuni yenye dawa ya ukungu, na liachwe siku tatu mpaka harufu iishe. Kinachosahaulika ni uzito. Sentimita 18 za mchanga mbichi kwenye tangi la ukubwa huo ni zaidi ya lita 32, na ukizinyanyua utakuta si pungufu ya kilo 50. Kimeza cha televisheni hakifai. Likishajazwa halihamishwi, kwa hiyo chagua mahali kwanza: ukuta wa ndani, mbali na dirisha la mashariki, mbali na njia ya upepo wa feni, na kama nyumba ni ya mabati yasiyo na dari, chini kadiri inavyowezekana. Hewa ya moto chini ya mabati saa nane mchana hukusanyika juu, na rafu ya juu inaweza kuwa na joto ambalo sakafuni hulisikii.

Mfuniko ndio nusu ya shughuli. Mfuniko wa wavu ni sawa na kutokuwa na mfuniko: unyevu unatoka wote, na feni ikiwepo unatoka mara mbili. Weka vioo viwili vya milimita 4 vilivyosuguliwa kingo, vilale juu ya tangi, na pembeni moja acha upenyo wa sentimita 1 kwa ajili ya waya na hewa. Hewa ya kupumua isikutie hofu. Kule kufungua mara moja kwa siku kulisha kunatosha kuibadilisha. Upenyo huo ndio usukani wako. Kipimo kikikaa juu ya 88 siku nzima, uongeze hadi sentimita 3. Kikishuka chini ya 75, urudishe. Lakini upenyo uwe mwembamba kuliko kombe la mdogo wao, kwa maana hawa ni wapandaji. Wanapanda mstari wa silikoni kwenye kona, wanapanda waya wa kipimajoto, na kaa mkubwa hunyanyua kipande cha plastiki kama mtu anayefunua sufuria.

Mchanga ndio betri ya tangi zima, na hapa tutakaa kidogo. Watu hutafuta unyevu hewani wakati unatoka chini. Mchanga wenye maji ya kadiri hutoa unyevu polepole mchana na usiku, bila umeme. Vilevile humo ndimo kaa anamofukia mwili wake kwa majuma wakati wa kujivua gamba, kwa hiyo kina chake kiwe mara tatu ya kimo cha kaa mkubwa kuliko wote, na kisipungue sentimita 15 hata kama wote ni wadogo.

Mchanganyiko ni sehemu tano za mchanga laini kwa sehemu moja ya vumbi la makumbi ya nazi. Kwa tangi tulilolitaja: lita 30 za mchanga na lita 6 za vumbi. Vikichanganywa vinapungua, kwa kuwa vumbi linajaza nafasi kati ya chembe. Mchanga wa kujengea unafaa ukichekechwa kwa chekeche la unga na kuoshwa mpaka maji ya kuoshea yaonyeshe kitako cha ndoo. Usipouosha, udongo wake utashuka chini na kutengeneza tabaka gumu lisilopitisha maji. Makumbi hayakosekani Tanga, ila angalia yametoka wapi. Yale yaliyofukiwa kwenye tope la ufukweni ili yalainike kwa kazi ya kamba hunuka yai bovu na hayaoshwi yakatakata. Chukua makavu yaliyotoka kufuliwa, yapigepige, vumbi la kahawia linalodondoka ndilo unalolitaka. Nyuzi ndefu zitupe au zifanye tuta dogo pembeni mwa tangi. Kaa hupenda kujificha chini yake.

Sasa maji. Weka mchanganyiko kwenye beseni, mimina maji ya bahari kidogo kidogo huku ukikanda, kama mtu anayelowesha unga wa vitumbua. Lita 3 au 4 kwa kiasi hiki, lakini usiyamwage kwa kuhesabu. Mkono ndio mpimaji. Finyanga tonge, kaza ngumi, fungua. Tonge likisambaa, bado kavu. Maji yakitokeza kati ya vidole, umezidisha. Likibaki na alama za vidole vyote vinne, halafu ukichoma kidole katikati shimo likabaki wazi bila kuporomoka, hapo hapo simama. Shimo hilo ndilo handaki la kaa. Mchanga usioshika shimo utamwangukia akiwa laini, na hatapata pa kupitia.

Kwa nini maji ya bahari na si ya bomba? Chumvi huchelewesha ukungu na uozo, na kaa wa nchi kavu anahitaji chumvi ile mwilini. Ila kumbuka chumvi haipai angani. Maji yakikauka na ukaongeza ya bahari, na mwezi ujao tena ya bahari, baada ya mwaka una mchanga wa chumvi kali. Maji ya kwanza yawe ya bahari. Ya kuongezea, maji baridi, yaani yasiyo na chumvi. Kanuni ni hiyo hiyo kwenye bakuli la maji chumvi: chora mstari kwa kalamu ya wino mahali maji yalipofika siku uliyoyajaza, na yakipungua katikati ya juma, rudisha kwenye mstari kwa maji yasiyo na chumvi.

Mabakuli ni mawili, ya kioo, udongo uliochomwa au plastiki, kamwe si shaba, maana shaba ni sumu kwa jamii nzima ya kaa na kamba. Kina kimruhusu mkubwa azame mpaka kombe lijae, na pawepo vijiwe au kipande cha wavu cha mdogo kutokea. Moja ni la maji baridi, jingine la chumvi. Maji ya bomba ya Tanga yanatoka bwawa la Mabayani kwenye mto Zigi, na yanatiwa dawa. Yaache kwenye ndoo iliyo wazi kwa saa 24 hadi 48, uyakoroge mara mbili tatu, klorini iruke. Maji ya mvua ni mazuri kama mvua ya kwanza imeshaosha mabati. Visima vingi karibu na bahari vina uchumvi wa katikati, ambao si baridi wala si bahari, kwa hiyo viache.

Maji ya bahari yachote wakati wa kujaa, mbali na bandari na mbali na mdomo wa mto, na wakati wa masika subiri siku mbili baada ya mvua kubwa, kwa kuwa maji ya mto hukaa juu ya ya bahari. Yapitishe kwenye kitambaa cha pamba, yaweke kwenye dumu lililofunikwa lisilopata jua. Aliye mbali na bahari hana budi kutengeneza kwa chumvi ya akwariamu, takribani gramu 35 kwa lita. Chumvi ya jikoni haifai hapa, ingawa ndiyo iliyotusaidia kwenye kipimo: haina madini mengine yaliyomo baharini.

Yote mawili yabadilishwe kila baada ya siku tatu. Kaa angeweza kungoja zaidi, lakini mbu hangoji. Bakuli la maji baridi lililotulia, kwenye kivuli, nyuzi 28, ni hospitali ya uzazi ya mbu. Juma moja na ushei linatosha kuwatoa wakiwa na mabawa. Usilete dengi nyumbani kwa ajili ya kaa.

Kama unyevu bado unasuasua, pampu ndogo ya hewa ya samaki, ya wati 3 tu, ikipuliza mapovu kwenye bakuli moja, inapandisha kipimo kwa pointi kadhaa bila kulowesha mchanga. Iweke pampu juu kuliko usawa wa maji, au uunge valvu ya kuzuia maji kurudi kwenye mpira wake. Umeme ukikatika, maji hurudi nyuma kwenye mpira yakateremka mpaka ndani ya pampu, na umeme unaporudi hakuna pampu tena. Waya nao uuning'inize ufanye kitanzi chini ya soketi, tone likiteremka lidondokee sakafuni.

Kinyunyizio ndicho kifaa tusichokipenda. Ukinyunyiza, kipimo kinaruka mpaka 95, unafurahi, baada ya saa moja kimerudi kilikokuwa. Maji yale hayakupotea, yameteremka chini. Fanya hivyo mara mbili kwa siku kwa mwezi mmoja, na kwenye kitako cha tangi kuna dimbwi la sentimita mbili usiloliona, kwa sababu juu mchanga unaonekana wa kawaida tu. Kaa aliyechimba mpaka chini kujivua gamba analala ndani ya dimbwi hilo.

Dawa yake ni bomba la plastiki la inchi moja, lililotobolewa vitundu vidogo sentimita 3 za chini, lililofungwa kipande cha wavu wa chandarua, likasimamishwa kwenye kona kabla ya kumwaga mchanga. Mara moja kwa wiki mulika tochi ndani. Kitako kikiwa na mchanga uliolowa tu, endelea. Tochi ikirudisha mng'ao, pana maji: ingiza mpira mwembamba uyavute kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Kisha nusa. Harufu ya ardhi baada ya mvua ni njema. Harufu ya yai bovu maana yake chini hakuna hewa tena, na mchanga huo hauponi. Utabidi utolewe wote, siku ambayo kaa wote wako juu.

Joto sasa. Kati ya Desemba na Machi, wakati wa kaskazi, hatari ni kupita nyuzi 32 na kubaki hapo. Jua la moja kwa moja kwenye tangi lililofunikwa linafanya hivyo kwa dakika chache, hata kama chumba chenyewe kina 28, kwani kioo kinaingiza joto na mfuniko haulitoi. Kaa aliyezidiwa na joto hutoa majimaji ya kahawia yenye harufu nzito, na akifikia hapo wengi hawarudi. Mweke kivulini karibu na maji yaliyotuama ya joto la chumba, usimtie maji ya friji. Kuzuia ni rahisi zaidi: pazia zito, mfuniko ufunguliwe sentimita 3 saa za mchana, feni ielekezwe kwenye kioo cha nje na si juu ya tangi. Khanga mbichi iliyotandikwa ubavuni mwa tangi mbele ya feni husaidia kidogo tu huku pwani, kwa kuwa hewa yetu imeshashiba maji na kitambaa hakikauki haraka. Anayekwambia inapoza nyuzi nane huenda anaishi Dodoma. Chupa ya nusu lita iliyogandishwa, ikafungwa kitambaa na kuegemezwa nje ya kioo cha nyuma, hupunguza zaidi. Kioo hapo kitatoa jasho; lifute.

Kiyoyozi ni habari nyingine. Kinapoza, sawa, na nyuzi 25 za chumba zinampendeza kaa. Lakini kazi yake nusu ni kunyonya maji hewani, lile bomba linalodondosha nje ya dirisha ni ushahidi. Tangi kwenye chumba cha kiyoyozi lifungwe upenyo wote isipokuwa nusu sentimita, pampu ya mapovu iwashwe, na pande tatu za kioo zizibwe nje kwa vipande vya lile boksi jeupe jepesi la kubebea samaki na barafu. Kinachoumiza zaidi ni kuwasha na kuzima: usiku nyuzi 22, mchana mtu yuko kazini chumba kinapanda mpaka 33. Bora sebule yenye nyuzi 29 saa zote kuliko chumba chenye mabonde na vilima.

Kusi likivuma, Juni mpaka Agosti, usiku wa Tanga unaweza kushuka kwenye nyuzi 20 na 21. Kaa wa pwani hii wanaujua usiku huo. Tangi lenye mchanga mwingi hupoa taratibu na ndani yake mara nyingi utakuta 23 alfajiri. Vipande vya boksi la samaki vinatosha. Mkeka wa umeme tungemshauri aliye Lushoto, karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, ambako Julai ni sweta. Huo nao ubandikwe kwenye kioo cha nyuma, juu ya usawa wa mchanga, wati 15 hadi 20, ukiwa na kidhibiti joto kilichowekwa 25. Usiuweke chini ya tangi. Kaa akihisi joto porini huchimba kwenda chini kutafuta ubaridi. Ukipasha chini, kila anavyokimbia ndivyo anavyoukaribia moto.

Mawili ya nje ya tangi yanayoharibu kazi yote. Dawa ya mbu ya kupuliza haichagui: kinachoua mdudu kinaua kaa. Puliza chumba kingine tu, kilichotenganishwa na tangi kwa mlango, au ufunike tangi kabisa na kuzima pampu kabla ya kupuliza, maana pampu ndiyo inayovuta dawa na kuitia majini. Pili ni sisimizi. Wanapita upenyo wa waya, wanafuata nazi na dagaa, na wakimkuta kaa laini chini hawamwachi. Makopo manne ya maji chini ya miguu ya meza, yenye tone la mafuta ya kula juu, kama kabati la chakula la bibi. Chakula cha jana kitolewe leo, kwa unyevu huu kinaota ukungu ndani ya siku moja.

Na kuhusu kujivua gamba, hapa hatuzungumzii ile kaulimbiu ya siasa. Kaa anatoweka. Mdogo wiki nne, mkubwa wiki nane au zaidi, na huo ndio wakati ambao mchanga, maji na kipimo vinalipa. Wakati mwingine, mchanga ukiwa mfupi au mkavu, anajivua juu. Mtoto anakimbia jikoni: “Bibi, kaa kafa, kavunjika!” Kilichopo pale ni miguu, magando na macho, vyote vitupu, vyepesi, vinapitisha mwanga kama ganda la kitunguu. Ukikisogeza kwa kijiko hakina nyama. Mwenyewe yuko hatua mbili pembeni ndani ya kombe, rangi ya waridi iliyopauka, hawezi hata kusimama. Usilitupe gamba, atalila lote, ndimo madini yake yalimo. Mfunikie chupa ya plastiki iliyokatwa kitako na kutobolewa matundu, uididimize sentimita chache mchangani wenzake wasimfikie, na bakuli dogo la maji chumvi karibu yake. Kaa aliyekufa kweli hana haja ya kuchunguzwa: utamjua kwa harufu tangu mlangoni.

Ukisafiri siku tatu nne, jaza mabakuli, rudisha upenyo kwenye sentimita 1, funga pazia. Anayebaki nyumbani umwachie kazi moja tu, kuongeza maji ya ndoo mpaka kwenye mstari. Kinyunyizio kifungie kabatini, na juu ya mfuniko bandika karatasi yenye neno moja: USIFUKUE.